Boya Lililotoboka Msimu wa Chundo

Kaka yangu Ketul ni mtu wa sari. Kutwa nzima anakaa kwenye godoro jeupe la duka, amekunja miguu, anawakunjulia akina mama sari moja baada ya nyingine. Wao wanasema hii hapana, hiyo hapana, ile ya juu kabisa, naye anaifuata ile ya juu kabisa huku akitabasamu. Mikono yake ni laini kuliko yangu, na mimi ndiye ninayepaka krimu. Bisibisi aliwahi kuishika mara moja tu, ilipokuwa imelalia chaja yake ya simu. Akaihamisha.

Sasa mtu wa namna hiyo, ndoa yake ikaja kuning'inia kwenye kitobo cha plastiki kidogo kuliko punje ya ufuta.

Kwetu, ndani ya mji wa kale wa Ahmedabad, nyumba zimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya jirani anakuombea afya bila kuacha kula. Mapaa ni bapa na yameungana. Kati ya paa letu na la Vasukaki kuna ukuta wa kufika magotini, wa kuonyesha heshima tu. Kaki ndivyo tunavyomwita mama wa jirani aliye rika la mama yetu, na huyu Vasumati ni kaki wa uchochoro mzima. Ana binti, Jalpa, anayefundisha chekechea. Ketul anampenda Jalpa tangu alipoanza kunyoa ndevu. Jalpa naye anampenda, ila yeye anajua kuficha. Ketul akimwona tu, anajigonga kichwa kwenye mlango ambao amepita chini yake maisha yake yote.

Embe mbichi zilipoanza kuingia sokoni tukaenda kuposa, familia nzima, na boksi la vitamutamu vya maziwa. Chai ikanyweka vizuri. Mambo yangeishia hapo kwa amani kama Baba asingefungua mdomo.

"Dada Vasumati," akasema, "wewe nyumba yangu unaijua. Mafundi hawaijui njia ya kuja kwangu. Kila kitu naunda kwa mkono wangu mwenyewe. Nyumba yangu haivuji hata tone!"

Mama akakohoa. Wakati ule ule, nyumbani, bomba letu la jikoni lilikuwa limefungwa kwa kipande cha gaguro lake la zamani.

Vasukaki akaweka kikombe chini. "Nimesikia, kaka Harshad. Lakini huu ni msimu wa achari, kichwa changu chote kiko kwenye sufuria. Chundo ikishaingia kwenye chupa, nitawapa jibu."

Hakuna aliyeshangaa. Chundo ya Vasukaki si mchezo. Embe mbichi anazikuna nyuzinyuzi, anazichanganya na sukari na chumvi, anazitandaza kwenye sufuria pana, anafunika kwa kitambaa cha melimeli na kuziacha juani siku baada ya siku mpaka shira ivute uzi. Pilipili na bizari nyembamba vinafuata. Moto hauhusiki, ni jua tu. Na sheria zake ni mbili. Ya kwanza, tone moja la maji likiingia, ukungu unaota na mwaka mzima unakula chapati zako na huzuni. Ya pili, mtu ambaye hajaoga asiiguse, wala asiguse sufuria, wala kitambaa, hata kwa nia njema. Hilo halina mjadala. Ba, bibi yetu, aliwahi kunikimbiza na fagio kwa kuisogelea chupa kabla sijaoga, na chupa yenyewe ilikuwa na kifuniko.

Basi sufuria za Vasukaki zikapangwa juu ya paa lake, kando ya ule ukuta mfupi, mahali penye jua kali kuliko pote. Na juu ya mahali hapo hapo, kutoka kwenye tangi letu la maji, limechomoza bomba la kumwagia maji ya ziada. Babu ndiye aliyelielekeza upande ule, enzi zake, ili mimea ya jirani inyweshwe bure. Miaka yote hiyo bomba lile halikuwa limetoa hata mate.

Alfajiri moja likatapika.

Ba ndiye aliyesikia, maana wazee hulala sikio moja. "Mvua!" akapiga kelele. "Mvua imekuja mwezi wa tano!" Tukapanda ngazi mbio. Haikuwa mvua. Tangi limejaa pomoni, na bomba la ziada linamwaga upande wa Vasukaki kama kwamba limelipwa. Maji yalikuwa yanatua mkono mmoja tu kutoka sufuria ya mwisho.

Ketul akaruka ukuta na pajama lake. Akazifikia sufuria, akanyoosha mikono, halafu akaganda.

"Sogeza!" Baba akanong'ona kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Sijaoga!"

"Hetvi, wewe je?"

"Baba, ni alfajiri," nikasema. "Nani kaoga?"

Tukatazamana. Familia nzima, hakuna hata mmoja aliyeoga. Ketul akafanya kitu pekee alichokiweza: akasimama chini ya bomba, akatanua mikono na miguu, maji yakamwangukia yeye badala ya kurukia kwenye sufuria. Alikaa hivyo, macho yamefumbwa, mpaka maji ya manispaa, ambayo kwetu huja alfajiri tu, yalipokatika.

"Si sasa umeoga?" nikamwambia. "Sogeza basi."

"Na pajama?" akasema huku meno yanagongana. "Hiyo si kuoga. Hiyo ni ajali."

Tulipolifunua tangi tukamwona mkosaji. Ndani ya tangi kuna koki, koki ina mkono wa shaba, na mwisho wa mkono huo kuna boya, mpira wa plastiki wa rangi ya chungwa, mkubwa kama dafu dogo. Maji yakipanda, boya linapanda, mkono unainuka, koki inajifunga. Hiyo ndiyo kazi yake yote duniani. Lakini boya letu lilikuwa limezama, limelala kwenye maji kama nyati mwenye joto. Baba akalifungua, akalitikisa sikioni. Chubwi, chubwi.

"Limekunywa," akasema.

Akalikamua ndani ya ndoo, viputo vikatoka mahali pamoja, vidogo kama vya samaki anayesema siri. Joto la miaka lilikuwa limelichoma mpaka likatoboka.

"Tununue jipya," akasema Mama.

"Jipya halitaingia, mama Ketul. Mkono huu ni wa zamani, uzi wake mnene. Ukitaka boya utanunua na koki, ukinunua koki utabadilisha bomba, ukibadilisha bomba utamwita fundi." Neno fundi alilitamka kama jina la ugonjwa. "Kwa kitobo hiki? Nitakiziba kabla chai haijachemka."

"Basi tufunge koki ya chini, maji yasipande."

"Ile iliyoganda? Ukiikaza inakatika, na ikikatika uchochoro mzima hauna maji, na watu watakuja hapa na ndoo zao na maneno yao."

"Basi tumwambie Vasukaki asogeze sufuria," nikasema mimi.

Baba akaniangalia kana kwamba nimependekeza tuuze Ba.

"Nimemwambia nini yule mama? Hapo kwenye kochi lake, mbele ya mumewe?"

"Kwamba nyumba yako haivuji hata tone."

"Basi."

Ketul alikuwa bado anadondosha maji. Uso wake ulinitia huruma, na kunitia huruma mimi ni kazi. "Baba ana haki," akasema polepole. "Akijua maji yetu yanaiendea chundo yake, jibu lake ni lipi? Zibeni tu. Tafadhali, zibeni vizuri."

Kwanza ilibidi maji yaliyomo ndani yatoke, na kitobo kilikuwa kidogo mno. Baba akaliweka boya juani, kitobo chini. Hapo nakiri ana akili: hewa ndani ikapata joto, ikavimba, ikawa inasukuma maji nje, tone, tone. Akalihamishia kivulini, akalirudisha juani, mpaka likakauka. Kisha Ba akatoa wazo lake.

"Unga wa dengu. Sisi tulikuwa tunaziba midomo ya mitungi kwa unga wa dengu."

"Ba, hiyo mitungi ilikuwa inaogelea?"

"Mtoto huyu!" akasema Ba. "Ndiyo maana wewe hujaposwa."

Baba akachagua mshumaa. Akadondosha nta juu ya kitobo, akailainisha kwa kidole gumba, akapuliza. Alfajiri iliyofuata boya likaelea, koki ikajifunga, Baba akashuka ngazi kifua mbele akaagiza chai ya tangawizi kama jemadari. Lakini mchana wa Ahmedabad mwezi wa tano unaujua mwenyewe. Maji ya tangi yanakuwa ya moto kiasi cha kuivisha yai. Nta ikalainika, ikajiendea zake. Alfajiri ya pili bomba likatapika tena, na Ketul akaruka ukuta tena.

Safari hii alikuwa amejiandaa. Alivaa koti la mvua na kuinama juu ya sufuria bila kuzigusa, kama kuku anayetamia mayai ya mwenzake. Ndoo tuliweka, ndiyo. Inajaa hujamaliza kusema ndoo.

Wakati tumesimama hivyo, mlango wa paa la Vasukaki ukalia kwiii. Baba akajificha nyuma ya tangi. Mimi nikajifanya natazama njiwa. Aliyetoka ni Jalpa, nywele bado zimefungwa kwa usingizi, na mswaki mdomoni. Akamtazama Ketul, akatazama maji yanayompiga mgongoni, akatazama sufuria. Akatoa mswaki.

"Mazoezi?" akauliza.

"Yoga," akasema Ketul.

"Hiyo inaitwaje?"

Ketul akafikiri. "Kasa."

Jalpa akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, akarudisha mswaki mdomoni, akashuka. Nilimsikia akicheka mpaka chini kabisa ya ngazi.

"Ameona," akasema Ketul. "Nimekwisha."

"Ameona yoga," nikasema. "Tulia."

Kitu kimoja kilinishangaza asubuhi ile, lakini sikukitilia maanani. Kindi wa mtaa wetu ni wezi wa kuzaliwa. Kipande cha embe yenye sukari wanakinusa toka upande wa pili wa mto. Siku zote msimu wa chundo Vasukaki hukaa na fimbo. Mwaka huu kindi walikuwa wanapita kando ya sufuria zile kama watu wanaopita mbele ya benki iliyofungwa.

Baba sasa akaja na silaha nzito: gundi ya kukanda, ile inayouzwa vipande viwili, kimoja cheupe kimoja cheusi, unavikanda pamoja kama unga wa chapati mpaka vinakuwa kijivu. Tatizo la Baba ni haraka. Alilichukua boya moja kwa moja kutoka juani, la moto, huwezi kulishika bila kitambaa. Akabandika gundi, akaipapasa, akahesabu kidogo na kuruka namba nyingi, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi ili kulijaribu.

Tukasikia sauti ndogo. Fyup.

Baba akaliinua. Gundi hakuna. Kitobo kipo, kinatuangalia. Akalitikisa boya sikioni.

Kele, kele, kele.

"Imeingia ndani," akasema Baba kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Hewa ya ndani ilikuwa ya moto," nikaeleza, maana fizikia kidato cha nne sikulala yote. "Ikapoa, ikajikunja, ikaivuta."

"Hetvi."

"Ndiyo, Baba."

"Nenda kamsaidie mama yako."

Jioni ile nyumba ilikuwa kama ya msiba. Baba alikuwa amekwisha kukata sikio la ndoo ya Mama ili alibandike kwa moto, na sikio hilo halikushika hata kidogo, maana plastiki ya ndoo na plastiki ya boya hazijuani. Likadondoka kama gamba la kidonda. Sasa tulikuwa na boya lenye tobo na ndoo isiyo na sikio, na Mama hazungumzi na mtu yeyote isipokuwa miungu. Kutoka upande wa pili tulimsikia Vasukaki akimwambia mumewe kwamba shira imeanza kuvuta uzi. Maana yake kesho, au keshokutwa, chundo inaingia kwenye chupa. Maana yake jibu.

Ketul alirudi kutoka dukani akakaa ngazini, boya mapajani. Alikuwa analizungusha tu, anapitisha vidole juu yake kama anavyopitisha kwenye sari kutafuta kasoro kabla mteja hajaiona. Kidole chake kikasimama.

"Hetvi, shika hapa."

Nikashika. Katikati ya boya, pale nusu mbili za mpira zilipounganishwa kiwandani, kulikuwa na ukingo uliojiinua, mwembamba kama pindo.

"Ni mshono," nikasema.

"Ni pindo," akasema, na macho yake yakawaka. "Sari ya hariri ikitoboka dukani, unajua tunafanya nini? Hatubandiki kiraka. Uzi wowote utakaoleta kutoka nje utaonekana, utavuta, hautakaa. Unachomoa nyuzi kwenye sari ile ile. Ule upande unaochomekwa ndani ya gaguro, ambao hakuna mtu atakayeuona. Unafuma tobo kwa nyuzi zake yenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niletee wembe."

Sikuwahi kumwona kaka yangu hivyo. Alinyoa ule ukingo wa boya polepole, magamba madogo ya chungwa yakawa yanaangukia kwenye karatasi. Hakugusa jua, hakugusa haraka. Alililoweka boya kwenye maji ya mtungi mpaka likapoa, kitobo juu, akalikausha kwa ncha ya sari ya Ba, akalikwaruza kuzunguka tobo. Kisha akaenda kwenye cherehani ya Mama, akachukua bisibisi yake ndogo.

Mama akavunja kimya chake. "Ukiichoma hiyo, blauzi zangu utashona wewe."

"Nitashona, Mama."

Akaipasha kwenye moto wa gesi. Alipoigusisha mara ya kwanza plastiki ilifuka moshi, akaiondoa, akasubiri ipoe kidogo. Mara ya pili haikufuka. Ililainika tu, ikang'aa. Akaweka gamba, akalikandamiza na kuliyeyusha likaingiliana na ukingo wa tobo, akaweka lingine, likalalia lile la kwanza, kutoka nje kwenda katikati, kama mtu anayefuma. Baba alisimama mlangoni na mikono nyuma, na kila mara alifungua mdomo kutoa ushauri, na kila mara Mama alimtazama tu, akaufunga.

Baadaye Ketul akalizamisha boya kwenye ndoo isiyo na sikio, akalikamua. Tukainama wote, Ba na miwani yake, tukitafuta kiputo.

Hakuna.

"Subirini alfajiri," akasema Ketul. Alikuwa amechoka.

Alfajiri tulikuwa juu wote. Boya likafungwa kwenye mkono wake. Maji yakaanza kuja, shiii, tangi likaanza kupanda. Ketul akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono mzima mpaka begani, akaliinua boya kwa kiganja.

"Unafanya nini?" nikamuuliza. "Acha lielee lenyewe!"

"Na lisipoelea?"

"Si ndiyo tunajaribu?"

"Hetvi, chundo ni ya leo. Leo sijaribu kitu. Maji yakikatika nitatoa mkono."

Mlango wa jirani ukalia kwiii. Baba akatoweka nyuma ya tangi. Safari hii alikuwa Vasukaki mwenyewe, ameoga, sari ya kijani, nywele zinadondosha maji. Akamtazama Ketul, ambaye alikuwa amelala ubavu juu ya tangi na nusu yake iko ndani.

"Mwanangu, umepoteza kitu?"

Nyuma ya tangi Baba akaanza kuchezesha midomo bila sauti, huku akisugua hewa kwa mikono miwili: sema unaosha! Unaosha tangi! Nilimwona mimi, na Ketul alimwona. Ingekuwa rahisi. Hata mimi ningelisema, na ningeongeza aina ya sabuni.

Ketul akamgeukia Vasukaki.

"Kaki," akasema, "boya letu limetoboka. Maji yetu yamekuwa yanamwagika upande wako, pale pale penye chundo. Tuliziba, yakamwagika tena. Tuliogopa kukuambia. Ilibidi nikuambie siku ya kwanza, usogeze sufuria. Nimeliziba jana usiku kwa mkono wangu, na sijui kama litashika. Nimelishikilia kwa sababu hiyo."

Baba akafumba macho nyuma ya tangi. Nikamwona akitafuta mahali pa kukaa.

Vasukaki akaja mpaka kwenye ukuta mfupi, akauvuka kama msichana. "Toa mkono," akasema.

"Kaki, likizama..."

"Toa mkono nione."

Ketul akanitazama mimi, sijui kwa nini, mimi ambaye sijawahi kumpa ushauri wa maana. Nikatikisa kichwa: toa. Akalegeza vidole kimoja kimoja. Akatoa mkono. Tukainama juu ya tangi, Vasukaki naye, vichwa vinagongana.

Boya likayumba. Likazama kidogo, moyo wangu nao. Kisha likapanda juu kwa madaha, kele, kele, ile gundi ya Baba ikicheza tumboni mwake, likainua mkono wa shaba, na sauti ya maji ikapungua, ikawa uzi, ikakatika.

Hakuna tone lililotoka kwenye bomba.

"Mbona linacheza kayamba?" akauliza Vasukaki.

"Hiyo ni kazi ya Baba," nikasema.

"Nilijua yupo," akasema, na bila kugeuka akapaza sauti: "Kaka Harshad, toka huko nyuma, utapata baridi!"

Baba akatoka, anajifuta vumbi ambalo halikuwepo. Vasukaki akarudi kwenye paa lake, akashika kona ya melimeli kwenye sufuria ya kwanza, akaivuta.

Ndani kulikuwa na jiwe.

Akavuta ya pili. Jiwe. Ya tatu, jiwe na kandambili moja ya zamani.

"Siku ya kwanza tu niliona mimea yangu imenyweshwa na si mimi niliyeinywesha," akasema. "Chundo nikaipeleka upande wa barabarani. Sufuria hizi nikaziacha. Nikamwambia Jalpa, ngoja tuone nyumba isiyovuja inafanya nini ikivuja."

Ketul akayatazama mawe. "Mimi nimelinda mawe?"

"Kwa mgongo wako," akasema Vasukaki. "Jalpa anasema inaitwa kasa."

Nyuma ya mlango wao mtu akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakohoa. Jalpa akatoka, ameshika chupa kubwa ya kioo kwa mikono miwili, imejaa mpaka shingoni, rangi ya dhahabu iliyopigwa na pilipili.

"Lakini kaki," nikasema, "tuseme angekudanganya. Angesema anaosha tangi."

Vasukaki alikuwa anamtazama Ketul, ambaye maji yalikuwa yanamchuruzika kutoka begani mpaka kwenye vidole, na mtu asingeweza kumwita mzuri wa sura wakati ule hata kwa kulipwa.

"Ningewapa chundo," akasema. "Chundo hainyimwi jirani. Ila chupa ingeletwa na mimi."

Jalpa akavuka ukuta na chupa yake. Hilo ndilo lilikuwa jibu; kwetu hakuna haja ya kueleza zaidi. Ba alianza kulia, Mama akaanza kuangalia nani kaoga ili aipokee, na ikabainika, kwa mara nyingine, kwamba hakuna. Ketul akanyoosha mikono, akakumbuka, akairudisha nyuma.

"Shika tu," akasema Jalpa. "Ina kifuniko."

"Sijaoga."

"Nimekuona ukioga mara mbili wiki hii, tena na nguo. Shika."

Akashika. Halafu, akirudi nyuma kwa furaha, akajigonga kichwa kwenye mlango.

Habari za paa kwetu hazikai paani. Kesho yake asubuhi ukuta mfupi ulikuwa umejaa: jagi la Vasukaki lenye ufa, beseni la mtu wa nyumba ya tatu, kifuniko cha chombo cha mchele, kikopo cha chooni ambacho mwenyewe hakutaka kujitaja. Ketul amekaa katikati, amekunja miguu kama yuko dukani, wembe kulia, bisibisi ya Mama kushoto, anatafuta pindo la kila kimoja kwa kidole. Jalpa amekaa ukutani anampa magamba na kumchagulia kazi: hiki hapana, hicho hapana, kile cha juu kabisa.

Na Baba amesimama nyuma yao, mikono kiunoni, anawaambia wanaofika, "Karibuni, karibuni. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Ndani ya tangi, kele, kele, boya likampinga.